Kuni Kavu Kabla ya Mvua: Namna ya Kupasua na Kuhifadhi Kuni Nyumbani



Hapa Kithyoko hakuna asiyejua uzito wa maji. Mtungi wa lita 20 tunaujua kwa mgongo na kwa shingo. Lakini yako maji mengine ambayo akina mama wetu hubeba kila juma bila kujua, tena yasiyonyweka wala kuoshea chombo. Ni maji yaliyo ndani ya kuni mbichi.

Mti uliokatwa leo una maji mengi. Kwa miti mingi, thuluthi moja hadi nusu ya uzito wake ni maji matupu. Basi mama akibeba mzigo wa kilo 30 wa kuni mbichi kutoka mtoni au kutoka shamba la mbali, amebeba lita 10 hadi 15 za maji. Akifika nyumbani, maji hayo lazima yachemke na kutoka kwa mvuke kabla ya ukuni kushika moto vizuri. Na nani anayalipia? Ni kuni hizo hizo. Kilo moja ya kuni mbichi kabisa hutoa karibu nusu tu ya joto linalotoka kwa kilo moja ya kuni kavu. Moto unazomea, povu linatoka kwenye ncha za ukuni, moshi unajaa jikoni, na sufuria ya isyo inakaa tu.

Katika kutembelea nyumba tumeona kwamba shida hii huwa kubwa zaidi mvua ikianza. Watu wako shambani wakipanda, hakuna nafasi ya kutafuta kuni, na zile chache zilizopo zimelowa. Ndipo mtu anapokata mti wowote ulio karibu na kuuwasha siku hiyo hiyo. Toleo hili basi linaeleza jambo ambalo kila nyumba inaweza kufanya: kuwa na banda dogo la kuni na mahali pazuri pa kupasulia, na kuwa na kuni kavu za miezi mitatu kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka.

MOSHI SI JAMBO DOGO

Wengine husema, "Moshi tumezaliwa nao." Ni kweli tumezaliwa nao, lakini pia tunakufa nao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 moshi wa majumbani, unaotokana na kuni, makaa, kinyesi cha ng'ombe na mafuta ya taa, uliua watu kama milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayebebwa mgongoni mama akipika huvuta moshi sawa na mama, na mapafu yake bado ni machanga. Nimonia humpata kwa urahisi.

Na tusifikiri kuni ni habari ya zamani. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba karibu asilimia 55 ya nyumba za Kenya zilikuwa zikipikia kuni zaidi ya kitu kingine. Gesi imefika sokoni, ndiyo, na mwenye uwezo anunue. Lakini wengi wetu tutaendelea kupikia kuni kwa miaka mingi, kwa hiyo tujifunze kuzitumia vizuri.

Tuseme ukweli pia: kuni kavu hazimalizi moshi wote. Zinaupunguza. Ukiongeza jiko bora na dirisha, unaupunguza zaidi.

KUNI ZITOKE WAPI?

Kabla ya banda, tuangalie mti. Kuni nzuri si lazima ziue mti. Matawi ya muuku na mukau yakipunguzwa kwa utaratibu, mti unaendelea kukua na shina lake hunyooka kwa ajili ya mbao. Ua la boma likipogolewa hutoa fito nyingi. Grevilea ikikatwa matawi hutoa mengine. Miti kama kasia huchipua tena ikikatwa, mradi uache kisiki cha kimo cha goti na ukate kwa mshazari ili maji ya mvua yasitulie juu ya kisiki. Miti ya miiba kama mulaa na muthiia hutoa kuni ngumu zinazowaka polepole, lakini nayo tuchukue matawi, tusiing'oe.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos ya zamani, pamoja na sehemu ambayo leo ni Makueni. Walilinganisha picha zilizopigwa mwaka wa 1937 na nyingine za mahali pale pale zilizopigwa mwaka wa 1991. Watu walikuwa wameongezeka mara nyingi, lakini mashamba yalikuwa na matuta na miti mingi kuliko zamani. Watu hawakungoja serikali. Walipanda na kutunza miti kwa sababu waliihitaji.

Makaa ni hesabu nyingine. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Malori yanayopita barabara ya Garissa yakielekea Thika hayatuachii kivuli. Mti mmoja uliopogolewa kwa ajili ya jiko la nyumbani utakupa kuni kwa miaka mingi. Uliochomwa makaa umekupa pesa mara moja.

Kuna miti isiyofaa jikoni. Utomvu wa mnyaa, ambao wengine huuita ndau, huchoma macho. Kivai, ule mti wa sumu ya mishale, usiingie jikoni hata kidogo, wala kijiti chake kisichomewe nyama. Pia usichome mbao zilizopakwa rangi au vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, hasa zile zenye rangi ya kijani. Moshi na majivu yake ni sumu.

KALENDA YA KUNI

Mvua zetu kubwa za kutegemewa ni zile za Oktoba hadi Desemba. Zile nyingine ni za Machi hadi Mei, na mara nyingi hutudanganya. Kwa hiyo tuna nafasi mbili za kukausha kuni kila mwaka:

1. Juni na Julai: kata matawi na upasue. Kuni zikauke Agosti na Septemba, upepo ukivuma. Hizi ndizo za kupikia wakati wa mvua za Oktoba.

2. Mwanzo wa Januari: kata na upasue tena. Jua la Januari na Februari ni kali, kuni nyembamba hukauka upesi. Hizi ni za Machi hadi Mei.

Ukuni wa unene wa kifundo cha mkono, uliopasuliwa, huhitaji kama miezi miwili au mitatu ya kiangazi. Gogo zima lenye ganda laweza kukaa mwaka na bado likawa bichi ndani. Ganda ni kama mfuko wa plastiki, linafungia maji. Ndiyo maana tunasema pasua kwanza, kausha baadaye, si kinyume. Tena miti mingi hupasuka kwa urahisi ikiwa mibichi. Ukiungoja mgunga ukauke ndipo uupasue, shoka litaruka kama limegonga jiwe.

BANDA LA KUNI

Banda hili si la gharama kubwa. Lina sehemu mbili: mahali pa kupasulia na mahali pa kupangia.

Mahali. Chagua penye mwinuko kidogo, pasipotuama maji, upepo unapopita. Pasiwe mbali sana na jikoni, mama asitembee kwenye matope usiku, wala pasigusane na ukuta wa nyumba au ghala. Acha hatua tano au sita. Kuni zilizoegemezwa ukutani huleta mchwa ndani ya nyumba, na moto ukitokea jikoni zitausambaza.

Ukubwa. Hesabu ni rahisi. Nyumba inayotumia mzigo mmoja wa kilo 25 za kuni kavu kwa juma, kwa miezi mitatu, yaani majuma 13, itahitaji kilo 325. Kuni za miiba zikipangwa vizuri, kilo hizo huchukua nafasi kama ya safu yenye urefu wa mita 3, kimo cha mita 1, na upana wa ukuni mmoja wa sentimita 45. Sasa jenga nafasi ya safu mbili kama hiyo, na katikati uache upana wa kiganja ili upepo upite. Safu ya kwanza ni ya kupikia sasa, ya pili ni ile inayokauka. Nyumba inayotumia mizigo miwili kwa juma ijenge mara mbili.

Sakafu ya kuni. Kuni zisiguse udongo kamwe. Panga mawe, na juu yake ulaze fito mbili ndefu, ili kuni zikae futi moja juu ya ardhi. Hapo chini paonekane, uweze kufagia. Kila juma pita ukiangalia mawe. Ukiona njia ya udongo ya mchwa, ivunje. Kunyunyiza majivu husaidia kidogo, lakini jicho lako ndilo dawa kubwa. Wengine hupaka nguzo oili chafu. Ikipakwa, iwe kwa nguzo tu, isiguse kuni, maana utaila kwa moshi.

Paa. Mabati matano ya mita 2 yatafunika safu hizo mbili na kutokeza kama nusu mita kila upande ili mvua isipige kuni. Asiye na mabati aezeke kwa nyasi. Paa liiname kuelekea upande ambao maji yakimwagika hayataingia jikoni. Ukiweza, yakinge kwenye pipa.

Kuta. Usijenge kuta. Banda la kuni lililofungwa pande zote ni kama chumba cha mvuke. Ule upande mvua inapopiga zaidi, weka fito zilizoachana, basi.

MAHALI PA KUPASULIA

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu hupasua popote: juu ya jiwe, ukuni ukiwa umeshikwa kwa mguu, na watoto wamezunguka wakitazama. Tufanye hivi:

• Kivuli. Pasulia chini ya mti au paa refu. Simama, inua shoka mikono inyooke kabisa. Juu ya hapo pabaki angalau futi moja. Tawi likikamata shoka likiwa juu, halijulikani litaangukia wapi.

• Nafasi. Zunguka ukiwa umenyosha mkono ulioshika shoka. Hapo popote linapofika asisimame mtu wala kuku. Chora duara kwa majivu, na watoto wafundishwe kwamba baba au mama akiwa ndani ya duara, wao hukaa nje.

• Gogo la kupasulia. Tafuta gogo pana la mti mgumu, likatwe tambarare juu na chini. Kimo chake kiwe cha goti au chini yake kidogo. Likiwa fupi sana unainama na mgongo unaumia. Likiwa refu shoka halina nguvu. Gogo husaidia pia kwamba ukikosa ukuni, shoka huingia kwenye gogo, si kwenye mguu.

• Tairi kuukuu. Lifunge au lipigilie misumari juu ya gogo. Simamisha ukuni ndani ya tairi kisha upasue. Vipande haviruki wala kuanguka, na huhitaji kuinama kila mara kuviokota. Hili ni jambo la bure na limepumzisha migongo mingi.

• Miguu. Tenganisha miguu kwa upana wa mabega, ukielekea gogo sawasawa. Weka ukuni upande wa mbali wa gogo. Usiushike kwa mkono wala kuukanyaga. Vaa viatu vilivyofungwa, si kandambili.

• Shoka. Linolewe kwa tupa au jiwe. Shoka butu halina heshima, linateleza. Kichwa kikilegea, acha kazi hapo hapo, ukaze kwa kabari ya mti mgumu. Kulilowesha kwenye maji hukaza kwa siku moja tu. Likikauka linalegea kuliko mwanzo.

• Kabari. Kwa magogo makubwa, fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea kabari ya chuma. Igonge kwa nyundo kubwa, usiigonge kwa kisogo cha shoka. Chuma kigumu kikigongwa hutoa vipande, kwa hiyo kinga macho, na kabari iliyopasuka kichwa isitumike.

• Benchi na maji. Weka benchi, mtungi wa maji ya kunywa, na kitu cha kuning'iniza shoka na panga juu, watoto wasifikie. Pasua asubuhi na jioni, pumzika jua likiwa kali. Kazi ya nusu saa kila siku ni bora kuliko kazi ya siku nzima inayokulaza siku tatu.

Kata kuni urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na uzipasue unene wa kifundo cha mkono. Vile vipande vyenye vifundo visivyopasuka usipigane navyo. Viweke kando kwa siku ya harusi au matanga, ambapo moto ni mkubwa.

KUPANGA, NA WAGENI WASIOTAKIWA

Panga kuni zikilala upande mmoja, ncha zikitazama upepo. Mwanzo na mwisho wa safu, pishanisha kuni kama matofali ili safu isimame bila kuegemea kitu. Chukua kuni kutoka juu na kutoka mwisho mmoja, usichomoe katikati.

Nyoka, hasa bafe, yule mnene asiyekimbia mtu akikaribia, hupenda rundo la kuni kwa sababu panya wako humo. Nge nao hupenda magome. Ndiyo maana tunainua kuni na kufagia chini. Usiku chukua kuni ukiwa na tochi. Kabla ya kushika, gonga safu kwa fimbo. Akiumwa mtu, msikate jeraha wala kufunga kamba. Mtulizeni, asitembee, na apelekwe hospitali upesi.

UTAJUAJE ZIMEKAUKA?

Angalia ncha: zina nyufa. Ganda hubanduka. Gonga kuni mbili pamoja: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Anayetaka uhakika apime. Chukua ukuni mmoja, uwekee alama, upime kwa mizani ya dukani kila Jumamosi. Uzito ukipungua, maji bado yanatoka. Usipopungua tena kwa majuma mawili, uko tayari.

Sasa jikoni usiharibu kazi yako. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, funika sufuria, na usisukume kuni tano mahali pa tatu. Jiko la Maendeleo au jiko lolote la udongo linalokinga moto upepo hutumia kuni chache kuliko mawe matatu, na jiko kama hilo hufanya vizuri zaidi kuni zikiwa nyembamba na kavu. Usikaushe kuni kwa kuziegemeza mekoni usiku. Nyumba zimeungua hivyo.

KAZI YA NANI?

Hapa tunapenda kusema waziwazi. Katika nyumba nyingi kuni ni kazi ya mama na wasichana. Msichana akikosa shule Ijumaa kwenda kuni, hesabu ya siku hiyo hakuna atakayemrudishia. Banda la kuni linaweza kubadilisha jambo hili, kwa sababu linaifanya kazi iwe ya majira, si ya kila siku. Kupogoa, kupasua na kujenga banda kunaweza kufanywa na baba na vijana wa kiume kwa siku chache za Julai. Wanawake wa kikundi wanaweza pia kufanya kwa zamu, leo kwa huyu, Jumamosi ijayo kwa yule, kama tunavyofanya mwethya wa kuchimba matuta. Mjane na mzee asiye na mtoto karibu waanze wao.

Baba atakayesema hana nafasi, na abebe mzigo mmoja wa kuni mbichi kutoka mtoni hadi nyumbani. Baada ya hapo tuzungumze habari ya nafasi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwetu tunatumia mizigo mingapi kwa juma? Inatoka umbali gani, na nani huibeba?

2. Ni miti gani shambani mwetu inayoweza kupogolewa mwaka huu bila kuuawa?

3. Kikundi kina mashoka mangapi mazuri? Je, tunaweza kununua tupa na kabari moja na kuvitumia kwa zamu?

4. Nyumba ya nani ianze, na ni siku gani?

Msiondoke kikaoni kabla ya kujibu swali la nne. Oktoba haingoji mtu.